Usingizi wa Mchana wa Mtoto Mchanga, na Hukumu ya Kumpa Dawa Ili Alale

SWALI:

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, sasa naishi na mume wangu Turwa, Tarime, kwa ajili ya biashara yake. Mtoto wetu ana miezi mitano. Usiku analala si haba, lakini mchana hashikiki. Akilala ni dakika ishirini, kisha kilio mpaka Alasiri. Jirani ameniambia nimpe kijiko cha dawa ya maji ya mafua. Mavyaa wangu anasema mtoto amepigwa kijicho, nimvishe hirizi shingoni. Je, inajuzu kumpa dawa? Na nifanyeje?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Tuanze na dawa, kwani ndiyo yenye hatari. Haijuzu kumnywesha mtoto dawa asiyoihitaji ili tu alale mama apumue. Dawa nyingi za mafua huleta usingizi kama athari ya pembeni, na kwa mtoto wa miezi mitano athari hiyo inaweza kufika kwenye pumzi zake. Kijiko cha jikoni nacho si kipimo. Baadhi ya watoto dawa hizo huwafanya kinyume kabisa, wakakesha na kuhangaika. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametukataza kudhuru, na mtoto huyu hana ulimi wa kusema kichwa kinamzunguka.

Asali pia asipewe kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata tone la kumtuliza. Ni shifaa, hilo halina shaka, lakini inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi. Na zile dawa za maji za tumbo la mtoto, someni karatasi yake kwanza. Ile maarufu ya Woodward, iliyoanza Uingereza mwaka 1851, ilitiwa alkoholi kwa miaka mingi.

Kijicho ni kweli kipo. Lakini kinga aliyotufundisha Mtume ni ya kusoma. Akiwaombea hifadhi wajukuu zake, Al-Hasan na Al-Husayn, kwa maneno, na wewe unaweza kumsomea mwanao Al-Falaq na An-Nas kila unapomlaza. Hirizi tumekatazwa, na kamba yoyote shingoni mwa mtoto aliyelala inaweza kumnyonga akijigeuza. Mweleze mavyaa kwa adabu, na bora mumeo ndiye azungumze na mamake.

Sasa usingizi wenyewe. Katika Suratu Ar-Rum aya ya 23 Allah ametaja kulala kwetu usiku na mchana kuwa ni katika ishara zake. Sisi watu wazima tuna kailula, dakika chache baada ya Adhuhuri. Mtoto haja yake ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limesema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku, pamoja na wa mchana.

Wazazi wengi hudhani mtoto akichoka sana ndipo atalala vizuri. Kinyume chake ndiyo kweli. Aliyepitilizwa huhangaika, hulia, na akilala hushtuka mapema. Wa umri wa mwanao hustahimili kukaa macho kama saa mbili tu. Mtazame: atapiga miayo, atasugua macho, atageuza uso usimchezeshe. Hapo hapo mlaze. Ukisubiri kilio umeshachelewa. Fanya mambo yale yale kila mara: mnyonyeshe, mpigepige mgongo abeue, punguza mwanga, msomee kwa sauti ya chini. Akigutuka baada ya dakika ishirini usimnyanyue upesi. Weka mkono kifuani pake, mara nyingi hurudi kulala. Adhuhuri ikiingia ukiwa katikati ya kumbembeleza, wakati wake ni mpana. Maliza, kisha uswali kabla haujatoka.

Alazwe chali, pahala pagumu kiasi, bila mto wala kanga usoni. Kumbeba mgongoni kama wafanyavyo kina mama wa huko si vibaya, maadamu pua na mdomo viko wazi.

Turwa kuna baridi kuliko kwetu, na hapa nakusihi sana: usiingize jiko la mkaa chumbani alimolala mtoto. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, na umeua familia nzima waliofunga milango. Mvishe nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, inatosha. Chandarua kishushwe hata mchana.

Nanyi wasomaji wa Unguja na Pemba, shida yenu ni joto, hasa wakati wa kaskazi. Mvueni mtoto abaki na nguo nyepesi, fungueni madirisha, feni isimpulize moja kwa moja. Na udi na ubani, tunavyovipenda, vifukizwe akiwa chumba kingine, kwani kifua chake hakijakomaa.

Mtoto asiyelala akiwa na homa, akikataa ziwa, akipumua kwa shida, au akilala kupita kawaida hata haamshiki, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa ameshapewa ile dawa, chukueni na chupa yake mumwoneshe daktari.

Na mumeo akirudi dukani mchana, ampokee mtoto nusu saa nawe upate kailula yako. Suratu Al-Baqarah aya ya 233 imekataza mama kudhurishwa kwa ajili ya mwanawe.

Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.