Visikizi vya Mfupa na Lugha ya Kumwelekeza Asiyeona

Mtembeaji asiyeona huisikiliza njia. Katika soko la Kivaa, huko Masinga, Machakos, mngurumo wa bodaboda humjulisha inatoka upande gani na kama inamkaribia. Mwangwi wa hatua zake humwonyesha ukuta ulipoanzia na unapokomea. Sauti za wauzaji humwambia kwamba lango limepita. Kumziba masikio kwa visikizi vya kawaida ili simu imwelekeze ni kumpa mwongozo mmoja na kumnyang'anya mingi. Makala haya yanafafanua jinsi visikizi vya mfupa vinavyojaribu kuondoa tatizo hilo, na yanadai kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyosalia ni ya wanaisimu kuliko ya mafundi.

Sauti ya kawaida hupita hewani, ikaingia katika tundu la sikio, ikatikisa kiwambo na vifupa vitatu vilivyo nyuma yake, kisha ikafika sikio la ndani lenye umbo la konokono na lililojaa majimaji. Visikizi vya mfupa hukaa juu ya shavu, mbele kidogo ya sikio, na kuutikisa mfupa wenyewe. Mtikiso huo hufika sikio la ndani bila kutegemea tundu la sikio, ambalo hubaki wazi. Jambo hili si geni kwa yeyote aliyewahi kuisikia sauti yake katika kinasa sauti akaikataa: mtu anapozema hujisikia kwa hewa na kwa mfupa pia, ilhali kinasa sauti hunasa ile ya hewani tu.

Wazo la kuvitumia kwa wasioona lina umri wa miongo kadhaa. Katika Chuo cha Georgia Tech, Marekani, Bruce Walker na wenzake waliunda mfumo wa SWAN, na mwaka 2005 walieleza majaribio ya watu waliofuata njia ya kubuniwa kwa kusikia milio kupitia mfupa. Swali lilikuwa zito. Mtikiso wa mfupa mmoja husambaa fuvu zima, hivyo kutofautisha kulia na kushoto ni kugumu kuliko kwa sauti ya hewani. Hata hivyo watu hao waliweza kuifuata njia. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa programu ya Soundscape, ambayo mlio wake ulisikika kana kwamba unatoka mahali mtu anapokwenda. Ilifungwa mwaka 2023, na msimbo wake ukaachwa wazi kwa yeyote atakaye kuuendeleza.

Hata hivyo, sikio lililo wazi si lazima liwe sikio huru. Mwaka 1932 Georg von Békésy alionyesha kwamba mlio wa hewani na ule wa mfupa unaweza kufutana, ishara kwamba njia zote mbili huishia mahali pamoja. Kwa hiyo maelekezo marefu ya simu, ingawa hayazibi tundu la sikio, bado yanaweza kuifunika sauti ya baiskeli inayokuja kimya kimya. Kila neno la ziada lina gharama.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kiswahili huanza amri kwa kitenzi: "Pinda kulia baada ya mita hamsini." Msikilizaji mwepesi huwa ameanza kupinda kabla umbali haujatajwa. Mpangilio ulio salama ni "Mita hamsini, kisha kulia." Hali kadhalika, "geuka" ni neno la hatari, kwa kuwa laweza kufahamika kama kupinda au kugeuka nyuma kabisa, "kata" nalo ni zuri kwa dereva wa matatu, lakini lina maana nyingine nyingi. Bahati njema, "kulia" na "kushoto" hazifanani kwa sauti, na hilo ni faida kubwa penye kelele. Mita zenyewe zinatiliwa shaka: mahali palipo wazi simu hukosea kwa takriban mita 5, na kijia cha miguu ni chembamba kuliko hapo. Fimbo nyeupe ndiyo inayolijua shimo.

Suala la majina ni gumu zaidi. Kiswahili kina irabu tano, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikwisha kueleza mwaka 2005 mfumo wa kugeuza maandishi yake kuwa sauti. Kikamba, ambacho ndicho hutaja vilima, vijito na vijiji vya Masinga, kina irabu saba, na urefu wa irabu na toni hubadili maana. Ramani nyingi huandika majina hayo bila alama zake. Mashine ikiyasoma kwa matamshi ya Kiswahili, mzaliwa wa mahali huenda asilitambue jina la kijiji chake upesi, naye amesimama kando ya barabara.

Soundscape ilimruhusu mtumiaji kuweka alama zake mwenyewe na kuzipa majina ayatakayo. Alama iliyoandikwa "kwenye mwembe", "kisimani" au "kwa fundi wa viatu" husomwa na mashine ya Kiswahili bila taabu, nayo hulingana na namna wakazi wanavyoelekezana wao kwa wao.