MAJIRA YA KUUZURU UWANDA WA KITULO

Juu ya milima ya kusini-magharibi ya Tanzania, baina ya Uporoto, Kipengere na Livingstone, pana uwanda wa majani uitwao Kitulo. Kimo chake yapata futi 8,500, yaani mita 2,600, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa, na sababu kubwa ilikuwa maua, wala si wanyama wakubwa. Mwalimu atakaye kuwapeleka wanafunzi huko hana budi kujua kwanza mwezi ufaao.

Watu wengi husema safari njema ni ya kiangazi. Ni kweli kwa upande wa miguu. Tangu Juni hata Agosti njia ni kavu, lakini baridi ni kali mno, hata asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa umande ulioganda. Na maua ni haba. Septemba mpaka Novemba yamfaa mtu atakaye kutembea milimani tu.

Atakaye maua na aende wakati wa mvua, tangu Desemba mpaka Aprili. Huko zimehesabiwa aina 350 za mimea, na katika hizo okidi za ardhini ni aina 45. Okidi hizo hulala udongoni kiangazi chote, uhai wake umewekwa akiba katika viazi vidogo. Mvua ikishika, huchipua. Wala hazichanui zote pamoja. Hii ikinyauka, nyingine ndiyo kwanza yafumbua, hata aendaye Desemba na aendaye Machi hawaoni bustani moja. Sisi twapendelea Februari. Ndiyo miezi pia ambayo mbayuwayu wa buluu, ndege adimu sana, huja kutaga.

Lakini viazi hivyo vina adui. Huchimbwa kwa siri na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mmea aghalabu huwa na viazi viwili: cha zamani kiulishacho mwaka huu, na kipya kitakachochipua mwaka ujao. Achimbaye huvitoa vyote viwili. Nayo mbegu ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, na haioti isipokutana na kuvu wa kuilisha udongoni. Kwa hiyo pengo lililochimbwa halizibwi upesi. Wazee wa vijiji vya kandokando wafahamu jambo hili kuliko mgeni yeyote.

Kuhusu njia: kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona 57, na watu huiita Hamsini na Saba. Wakati wa mvua ina utelezi na ukungu. Afadhali kuondoka alfajiri, kwa gari lenye nguvu, na kila mtoto awe na sweta na koti la mvua.