Printa ya Wote na Toni Zinazopotea

Mwaka huu nimeisaidia ofisi moja ya Katindo, hapa Goma, kuunganisha kompyuta sita na printa moja kupitia seva ya kuchapia. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, si fundi wa mashine. Lakini ofisi hiyo ndiyo wengi wetu tunakochapia kazi za mwisho wa masomo, na siku ya kukabidhi printa ikigoma, msongamano unafika barabarani.

Kwanza maneno. Kamusi zinatupa kichapishi, mitaani tunasema emprimante; mimi nitasema printa. Ile programu inayogeuza amri za kompyuta ziwe amri zinazoeleweka na printa, Wafaransa huiita rubani na Waingereza dereva. Nitaiita dereva, ingawa mhasibu wa ofisi aliposikia kwamba dereva hayupo aliuliza gari limeachwa wapi.

Seva ya kuchapia ni kompyuta inayopokea kazi kutoka kompyuta zote, ikazipanga foleni, kisha ikaipelekea printa moja baada ya nyingine. Pale Katindo tulitumia kompyuta kuukuu iliyokuwa imeshindwa kubeba Windows, tukaiwekea Linux na CUPS, programu ambayo Michael Sweet alianza kuitengeneza mwaka 1997 na Apple ikainunua mwaka 2007. Haiuzwi, na haidai mashine yenye nguvu.

Kosa likitokea, watu wengi hukimbilia kufuta printa kwenye kompyuta zote na kuanza upya. Ni kazi ya bure. Anzia kwenye printa yenyewe: chapa ukurasa wa majaribio kwa vitufe vyake. Ukitoka, wino na karatasi havina kesi. Kisha chapa kutoka kwenye seva, kisha kutoka kompyuta moja tu. Pale ukurasa unapokataa, kosa liko kati ya hatua hiyo na ile iliyotangulia.

Kosa lililotusumbua zaidi lilikuwa la anwani. Asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri. Umeme ukikatika na kurudi, hakuna anayechapa. Sababu ni kwamba ruta ndiyo inayogawa anwani za mtandao, na ikizimika inaweza kusahau ilimpa nani nini. Printa iliyolala ikiwa 192.168.1.23 iliamka ikiwa 192.168.1.27, na seva ikaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Kuandika anwani mpya kwenye seva kunatibu hadi umeme ukatike tena, yaani, kwa hapa kwetu, si muda mrefu. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuiwekea printa anwani ya kudumu kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao, ile yenye tarakimu na herufi 12. Seva nayo ifanyiwe hivyo hivyo. Na ukiona printa ina anwani inayoanza na 169.254, ujue imeomba anwani ikakosa jibu: ama waya umelegea, ama printa iliamka kabla ya ruta. Washa ruta kwanza, printa ifuate, seva iwe ya mwisho.

Mengine ni mepesi. CUPS ikifungwa mara ya kwanza huisikiliza kompyuta yake yenyewe tu. Lazima uiruhusu kushirikisha printa na kufungua mlango namba 631. Wenye seva ya Windows wakumbuke kwamba tangu Agosti 2021, baada ya kasoro za usalama zilizopewa jina PrintNightmare, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuchukua dereva kutoka kwenye seva bila nywila ya msimamizi. Na kazi moja iliyoharibika huzuia foleni nzima: ifute kwenye seva. Usibonyeze mara kumi, maana njia ikifunguka zitatoka nakala kumi, na karatasi utailipia wewe.

Sasa yanayotuhusu sisi wa lugha. Ukurasa wa majaribio ulitoka safi, ofisi ikafurahi. Kisha mwenzangu akaleta sura yake juu ya toni za Kilingala, ambamo moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ndio moto wenyewe wa kuunguza. Kwenye skrini yote yalisomeka. Kwenye karatasi neno la tatu lilikuwa na visanduku vitupu.

Herufi á ina namba yake moja katika Unicode, lakini ɔ́ haina. Inaandikwa kwa alama mbili, ɔ na kistari cha toni, ambazo fonti inapaswa kuzibebesha pamoja. Dereva akiamua kuiacha fonti ya andiko lako na kutumia ile iliyomo ndani ya printa, ambayo mara nyingi inajua herufi za Ulaya tu, toni zinaanguka njiani. Profesa anasoma karatasi, haoni skrini yako. Atahukumu kwamba mwanafunzi hajui kutofautisha maneno.

Kwa hiyo andika kwa fonti kama Charis SIL au Doulos SIL, ambazo ni za bure, kisha hifadhi kazi kama PDF iliyobeba fonti zake ndani. Visanduku vikibaki, mwamuru dereva achape ukurasa kama picha. Itakwenda polepole, lakini picha haibadilishwi herufi. Na ule ukurasa wa majaribio unaokuja na printa hautufai sisi. Tumetengeneza wetu, una ɛ́, ɔ́, ŋ, ɓ, ǎ na ê, na uko kwenye seva ile. Omba uchapiwe huo kwanza, kabla ya kulipia kurasa themanini.