Tansio haiumi: kazi ya sentre ya afya ya karibu



Hapa Walungu tunaenda sentre ya afya kwa malaria, chanjo na kuzaa. Kwa tansio na ugonjwa wa sukari, wengi wanangoja mpaka mdomo upinde na mkono ufe, ndipo wanatafuta gari la Bukavu. Hapo ng'ombe anauzwa, shamba linafuata, na mara nyingi mgonjwa anarudi na kilema.

Shida ni kwamba tansio haiumi. Mtu analima, anaimba katika kwaya, anapanda vilima vya Kaziba, na huku damu inasukuma mishipa ya ubongo, moyo na figo mwaka baada ya mwaka. Kipimo tu ndicho kinaionyesha: 14 kwa 9 ao zaidi, kwa siku mbalimbali. Kwa sukari, wanaanza na tone la damu la kidole. Kazi hii haingoji daktari mkubwa. Inataka muuguzi anayekujua, anayekupima mara kwa mara, na anayejua wakati wa kukutuma kwenye hospitali kuu ya zoni.

Mpango huu si mgeni kwa kanisa. Tangu 1981, mradi wa SANRU wa Kanisa la Kristo katika Zaïre ulisaidia kusimamisha zoni za afya vijijini, miaka michache baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978.

Sasa neno gumu: dawa. Mtu anameza miezi miwili, kipimo kinashuka, anasema amepona. Kimeshuka kwa sababu anameza! Wengine wanaacha baada ya kuombewa. Mimi ninaombea wagonjwa na nitaendelea, lakini mkono wangu juu ya kichwa haupimi tansio. Aliyeombewa arudi sentre apimwe; huko ndiko dawa itapunguzwa kama inafaa. Luka, mwenzake Paulo, alikuwa mganga. Na anayemwambia mgonjwa wa sukari atupe sindano zake za insulini anaweza kumwua ndani ya siku chache.

Nyumbani, tupunguze chumvi na sukari katika chai. (Juu ya kasiksi, mnajua msimamo wetu.)

Ninaomba kila parokia imwite muuguzi wa sentre yake siku moja ya Mungu, kisha ibada, aje na mashine yake. Wenye miaka 40 na zaidi watangulie, wachungaji wakiwa wa kwanza kwenye mstari.