Daktari Aliyeokoa Miguu ya Askari

Mchunga ng'ombe wa Bura avunjikapo mguu hupelekwa hospitali, akafungwa plasta, kisha akapona. Je, wasomaji, mwamjua daktari aliyeipeleka plasta vitani?

Ni Mrusi, Nikolai Pirogov, aliyezaliwa Moscow mwaka 1810. Katika vita vya Dagestan, mwaka 1847, aliwanusisha majeruhi etha kabla ya kuwapasua, wasisikie maumivu. Ni wachache mno waliomtangulia kufanya hivyo vitani.

Siku zile, mfupa uliovunjwa na risasi mara nyingi ulimpotezea askari mguu mzima, kwa kuwa madaktari waliukata. Pirogov alimtazama mchonga sanamu akitumia jasi, madini yapatikanayo pia El Wak. Jasi ikichomwa na kusagwa, unga wake ukitiwa maji hukauka upesi ukawa mgumu. Basi huko Sevastopol, mwaka 1854 na 1855, aliifunga mifupa kwa vitambaa vilivyoloweshwa jasi, na askari wengi wakabaki na miguu yao. Tena aliwatenga majeruhi: wa kupasuliwa mara moja, na wawezao kungoja.

Alifariki mwaka 1881, lakini kazi yake ingali ikiwasimamisha watu.