Utangulizi: Singa Ndani ya Jani

Aliyekulia Korogwe anaijua mashine ya korona: jani bichi la mkonge linaingia upande mmoja, upande wa pili zinatoka singa. Katika kilo 100 za majani, singa kavu ni kilo 4 hivi. Kilichobaki ni maji na makapi. Ukurasa wa HTML nao ni jani la namna hiyo. Maneno unayoyataka ni machache, yamezingirwa na tagi zinazoiambia kompyuta wapi pawe na jedwali, wapi pawe na rangi. Korona yetu inaitwa rejeksi, yaani ruwaza ya herufi inayoeleza kinachotafutwa.

Tuchukue matokeo ya kidato cha nne, ambayo Baraza la Mitihani huyatoa mtandaoni shule kwa shule. Mwalimu wa Handeni anataka alama za Kiswahili tu. Tuseme mtahiniwa mmoja ameandikiwa hivi:

<td>CIV - 'C' HIST - 'D' KISW - 'B' B/MATH - 'F'</td>

Akitafuta kwa KISW - '(.*)' atapata B' B/MATH - 'F. Mabano yanazingira kinachochukuliwa, nukta ni herufi yoyote, nyota ni mara zozote, na nyota ina pupa: haiachi kula mpaka ifike alama ya mwisho ya kufungia katika mstari. Dawa ni kuitajia chakula chake: KISW - '([ABCDF])'. Hapo inatoka B peke yake.

Mtego mwingine ulinimalizia mimi alasiri nzima. Ukitafuta majina ya masomo kwa ([A-Z]+) - ', B/MATH inageuka MATH, kwa kuwa mkwaju hukuutaja. Kompyuta hailalamiki. Jedwali linatoka safi, tena la uongo.

Nyota hiyo ni ya Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani aliyechapisha nadharia yake mwaka 1956. Ken Thompson akaitia katika programu ya kuhariri matini miaka ya 1960. Nadharia hiyohiyo ndiyo inayoweka mpaka, kwani ruwaza za Kleene haziwezi kuhesabu tabaka zisizo na kikomo. Jedwali likiwa ndani ya jedwali, na hilo ndani ya jingine, rejeksi haijui </table> ipi inafunga lipi. Huko kunahitaji kichanganuzi, programu inayousoma ukurasa kama mti wenye matawi. Kwa safu zilizonyooka kama hizi za matokeo, mimi sioni haja ya kupanda mti.

Tunaanza na mabano ya mraba, yale ya [ABCDF].