Swila wa Ziwa Letu na Jamaa Zake

Asubuhi moja wakati wa likizo tulishuka ziwani, mimi na wenzangu watatu wa Nyakabiga. Tuliwakuta wavuvi wakitoa samaki nyavuni, na humo alikuwamo nyoka mrefu wa rangi ya kahawia, mwenye pete nyeusi shingoni. Kijana mmoja akataka kumshika mkia. Akasema, "Nyoka wa maji hana sumu." Mzee mwenye mtumbwi akamgonga mkono kwa kasia. "Mwanangu, huyo atakuua!"

Nani alisema kweli? Wote wawili kidogo, maana ziwani mna nyoka wa namna mbili. Mmoja ni mdogo, hana sumu ya kumdhuru mtu, naye haonekani popote duniani ila Ziwa Tanganyika. Wa pili ni swila wa maji. Huyu hupita meta mbili, hula samaki, na sumu yake hushika mishipa ya fahamu hata pumzi ikakatika. Ndiye aliyekuwa nyavuni.

Basi, swila huyu alitoka wapi? Tazameni ramani. Katika Afrika Mashariki ajulikana kwetu Tanganyika tu. Ziwa Victoria, ambalo maji yake huenda Nile, hayumo. Lakini jamaa zake wenye pete mwili mzima wako katika mito ya Kongo, Gaboni, hata Kameruni. Nalo ziwa letu lamwaga maji yake kwa Mto Lukuga, penye mji wa Kalemie, kisha Lualaba, kisha Kongo. Kwa hiyo nyoka huyu ni wa upande wa Kongo, wala si wa upande wa Nile.

Mwaka 1886 mtaalamu Mbelgiji, Dollo, alimwandika swila wa ziwa hili na kumpa jina la Storms, ofisa aliyekuwa amekaa Mpala, ng'ambo ya magharibi. Akamwona wa ajabu, akamtengea ukoo wa peke yake, Boulengerina. Kwa miaka zaidi ya mia vitabu vilifuata hivyo. Mwaka 2007 wataalamu walilinganisha vinasaba vya swila wengi, wakaona kwamba ukoo ule haupo. Swila wa maji yumo katikati ya ukoo wa swila wengine, Naja, na ndugu yake wa karibu ni swila wa msituni, yule wa nchi kavu. Kumbe ni mtu wa nyumba ile ile aliyejifunza kuvua!

Swila wa msituni mwenyewe alidhaniwa mmoja tu. Laurent alikuwa amemtenga yule wa kahawia wa Kivu kama tawi dogo mwaka 1955. Mwaka 2018 akahesabiwa kuwa aina kamili, na wale waliodhaniwa mmoja wakawa watano.

Jamaa kubwa ya hawa wote yafika mbali. Hata wale nyoka wadogo wa Amerika ya joto, wenye pete nyekundu, nyeusi na njano, ni wa jamaa hii. Wazee wao walitoka Asia.

Majini swila wetu si mchokozi. Akimwona mtu huzama na kwenda zake. Nyavuni hana pa kwenda, na hapo ndipo yule kijana alipotaka kunyosha mkono.